Mambo Yanayoamua Utoaji wa Mikopo katika Benki za Biashara za Binafsi

Matini ya mhadhara kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Hapana mazungumzo ya uchumi barazani, iwe Mjini au Chake Chake, yasiyofika kwenye swali moja: benki zinapokea fedha za watu kila siku, mbona mwananchi wa kawaida akienda kuomba mkopo hurudishwa mikono mitupu? Wapo wanaojibu kwamba benki za binafsi hazina huruma. Wapo wanaojibu kwamba wananchi hawapendi kulipa. Kila jibu lina sehemu yake ya ukweli, lakini hakuna hata moja linalotosha kumsaidia mkulima wa karafuu anayehitaji fedha za wachumaji kabla ya msimu, wala mama wa mwani anayetaka kununua kamba mpya.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza kwa utaratibu mambo yanayoiongoza benki ya biashara ya binafsi inapotoa au kukataa mkopo. Jambo kuu la kushikwa tangu mwanzo ni kwamba kuwa na fedha peke yake hakuifanyi benki ikopeshe. Benki hukopesha pale inapomjua mkopaji na inapoamini kwamba deni litadaika. Kujua na kudai hutegemea kumbukumbu, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo haimo ndani ya benki. Imo katika masjala ya ardhi, mahakamani, katika ofisi za mishahara na katika mashirika yanayonunua mazao. Ndiyo maana suala hili linawahusu watumishi wa Serikali kama linavyowahusu mameneja wa benki.

1. Historia kwa ufupi

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966, na katika mwaka huo huo ikaanzishwa Benki ya Watu wa Zanzibar, ambayo ni mali ya Serikali ya Mapinduzi. Mwezi wa Februari 1967, kufuatia Azimio la Arusha, benki za binafsi za Tanzania Bara zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini mikopo mingi ilifuata mipango ya Serikali. Mashirika ya umma, vyama vya ushirika na bodi za mazao ndivyo vilivyotangulizwa, na mara nyingi fedha zilitolewa ili shirika liendelee kuishi, hata pale hesabu zake zilipoonyesha wazi kwamba halina uwezo wa kulipa.

Madeni yasiyolipika yalilimbikizana. Mwaka 1988 iliundwa Tume ya Rais chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, kuchunguza mfumo wa fedha na benki, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1990. Mwaka 1991 ilipitishwa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha iliyofungua mlango kwa benki za binafsi, na katika mwaka huo kikaundwa chombo maalumu cha kufuatilia madeni mabaya ya mashirika. Benki za kwanza za binafsi zilianza kazi mwaka 1993. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa za benki iliyobaki na jina hilo ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini.

Wengi walitarajia kwamba benki za binafsi zingekuja na mikopo mingi. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya tisini benki hizo zilikopesha kwa tahadhari kubwa, zikachagua makampuni machache yenye vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa, na fedha nyingine zikaikopesha Serikali. Zamani mkopo ulitolewa bila kuuliza kama utarudi. Sasa swali la kwanza lilikuwa hilo, na nchi haikuwa bado na nyaraka za kulijibu.

2. Fedha za benki ni za nani

Mtu anapoiona benki, huona jengo na kasha la fedha, akadhani fedha zile ni mali ya wenye benki. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni amana za watu: mshahara wa mwalimu, mauzo ya duka, akiba ya mstaafu, fedha za msikiti. Mtaji wa wenye hisa ni sehemu ndogo tu, nao huwekwa ili khasara ikitokea iwaguse wenye benki kabla ya kuwafikia wenye amana.

Kutokana na hali hiyo, mambo mawili huibana benki. La kwanza ni muda. Mwenye amana anaweza kuzitaka fedha zake kesho asubuhi, ilhali anayejenga nyumba ya wageni huomba mkopo wa miaka saba au kumi. Benki yenye amana za muda mfupi haiwezi kukopesha zote kwa muda mrefu bila ya kujitia hatarini. Kwa sababu hiyo mikopo ya miezi kumi na miwili ni rahisi kupatikana kuliko mikopo ya kupanda mikarafuu, mti unaohitaji miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa.

La pili ni sheria. Kila benki hulazimika kuweka sehemu ya amana zake Benki Kuu, na fedha hizo haziwezi kukopeshwa. Aidha, hutakiwa kuwa na mtaji usiopungua kiwango kilichowekwa. Masharti haya yana sababu. Mwaka 1995 Meridian BIAO, iliyokuwa miongoni mwa benki za binafsi za mwanzo kuingia nchini, ilianguka miaka miwili tu baada ya kufungua milango. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji. Benki inapofungwa, mwenye amana ndiye wa kwanza kusimama mlangoni. Kwa hiyo ukali wa benki kwa mkopaji ni pia ulinzi wa mwananchi mwingine aliyeweka akiba yake.

3. Hesabu ya riba

Malalamiko makubwa ya wakopaji ni riba. Katika miaka ya 2023 na 2024 wastani wa riba za mikopo nchini ulikuwa karibu na asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka. Ili kuelewa kiwango hicho kinatoka wapi, ifaa kufanya hesabu ndogo ya mfano.

Benki imewakopesha watu 10, kila mmoja shilingi 1,000,000, kwa mwaka mmoja. Jumla ni shilingi 10,000,000. Mmoja kati yao halipi kitu. Ili benki irudishe zile shilingi 10,000,000 tu, bila ya faida yoyote, kila mmoja wa wale tisa waliobaki hana budi kulipa shilingi 1,111,111. Hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 11, na imetokana na kosa la mtu mmoja.

Sasa ichukuliwe kwamba benki inawalipa wenye amana asilimia 5, yaani shilingi 500,000 juu ya shilingi 10,000,000 zile. Kila mmoja wa wale tisa atatakiwa kulipa shilingi 1,166,667. Zikiongezwa gharama za ofisi, mishahara, umeme na ulinzi kwa kiasi kama hicho hicho, malipo yanafika shilingi 1,222,222, nayo ni riba ya zaidi ya asilimia 22 kabla ya mwenye hisa kupata hata senti moja.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kwanza, anayelipa kwa uaminifu humlipia na asiyelipa. Pili, njia ya uhakika zaidi ya kushusha riba ni kupunguza idadi ya wasiolipa. Kama katika mfano ule ni mtu mmoja tu kati ya mia asiyelipa, gharama ya kufidia deni hilo peke yake hushuka kutoka zaidi ya asilimia 11 hadi karibu asilimia 1. Ndiyo sababu Benki Kuu hufuatilia kwa karibu kiwango cha mikopo chechefu, yaani mikopo isiyolipwa kwa wakati. Kiwango hicho kilipita asilimia 10 mwaka 2017, wakati kinachokubalika ni asilimia 5, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 5.

Hata hivyo, hesabu hii haiwapi wenye benki ruhusa ya kutoza watakavyo. Mahali penye benki chache mkopaji hana pa kwenda, na gharama za uzembe wa benki yenyewe huweza kufichwa ndani ya riba. Mwananchi ana haki ya kuuliza riba imehesabiwaje, ada ni ngapi, na jumla ya kulipa ni kiasi gani, na kuandikiwa majibu yake.

4. Mkopaji anayependwa kuliko wote

Tangu Agosti 1993 Serikali ya Jamhuri ya Muungano imekuwa ikikopa kutoka kwa benki na watu binafsi kwa kuuza kwa mnada hati za Hazina za muda mfupi, na baadaye hatifungani za miaka mingi. Kwa benki, huyu ndiye mkopaji asiye na mfano. Halazimiki kuonyesha dhamana, hahitaji kutembelewa shambani, na malipo yake hufika siku iliyoandikwa.

Meneja wa benki anapopokea ombi la mfanyabiashara, kwa hakika analinganisha ombi hilo na hati ya Hazina. Hati ya Hazina ikitoa faida kubwa bila ya hatari, kwa nini ajisumbue kufuatilia maombi mia moja ya shilingi 500,000 kila moja? Gharama ya kuchunguza mkopo mdogo inakaribia gharama ya kuchunguza mkopo mkubwa, lakini mapato yake ni kidogo mno.

Hivyo basi, kiasi ambacho Serikali inakopa ndani ya nchi ni moja ya mambo yanayoamua ni fedha ngapi zitabaki kwa wananchi. Aidha, Serikali inapochelewa kuwalipa makandarasi na wauzaji wake, nao huchelewa kulipa benki. Deni la Serikali kwa mkandarasi hugeuka kuwa mkopo chechefu, na mkopo chechefu hupandisha riba ya mwananchi mwingine ambaye hakuhusika kabisa. Mtumishi anayeweka hati ya malipo mezani kwa miezi mitatu bila ya sababu anashiriki katika kupandisha riba, ingawa hajawahi kuingia benki kuomba chochote.

5. Mtumishi mwenye mshahara na mkulima wa karafuu

Baada ya Serikali, anayependwa na benki ni mtumishi wake. Katika hesabu za mikopo kwa sekta binafsi nchini, mikopo ya watu binafsi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko zote, zaidi ya theluthi moja ya jumla. Kilimo, kinachowapa riziki watu wengi zaidi, kimekuwa kikipata fungu dogo kuliko hilo.

Sababu yake haihitaji uchunguzi mrefu. Mtumishi ana karatasi ya mshahara, mwajiri anayejulikana na tarehe ya malipo. Makato hufanywa kabla fedha hazijamfikia mkononi. Benki haihitaji kumfuata nyumbani.

Mkulima wa karafuu wa Pemba ana mali kubwa zaidi kuliko watumishi wengi, lakini mali yake haisomeki kwa namna hiyo. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Msimu mkubwa hufuatwa na mdogo. Mvua ikinyesha wakati karafuu ziko juu ya majamvi, thamani hushuka. Bei hutegemea soko la dunia. Mkulima wa mwani, kazi iliyoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 na ambayo hufanywa zaidi na wanawake, ana mashaka mengine: bahari inapopata joto mwani hufa, na bei hupangwa na wanunuzi wachache wanaosafirisha nje.

Khasara ya kukosa mkopo haionekani katika takwimu yoyote ya benki, lakini vijijini inafahamika. Mwenye mikarafuu anayekabiliwa na ada za skuli au matibabu kabla ya mavuno huikodisha mikarafuu yake kwa mwenye fedha taslimu, kwa bei iliyo chini sana ya thamani ya mazao yatakayochumwa. Mwingine hukosa fedha za kuwalipa wachumaji kwa pishi, na karafuu zikapevuka kupita kiasi mtini. Faida ya msimu mzima huenda kwa aliyekuwa na fedha kwa wiki chache tu. Na kwa kuwa mkulima huyo huyo huenda ana amana yake ndogo benki, hutokea kwamba akiba ya mkulima inamkopesha mwenye mshahara, wakati mkulima mwenyewe anakopa kwa mwenye duka.

6. Dhamana na ardhi

Benki humuuliza mkopaji ataweka nini rahani. Hapa historia ya visiwa hivi ina fundisho la pekee. Katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita bei ya karafuu ilianguka, na mashamba mengi yalikuwa yameshawekwa rahani kwa wakopeshaji. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitoa amri iliyoweka mipaka katika kuhamisha ardhi za Waarabu na Waafrika kwenda kwa watu wengine, na udai wa madeni ukasimamishwa kwa muda. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwalinda wenye mashamba. Lakini dhamana isiyoweza kuuzwa haina uzito machoni pa mkopeshaji, na ulinzi ule ule uliomzuia kunyang'anywa shamba ulimpunguzia mwenye shamba pa kukopa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilikuwa mali ya umma, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Eka hizo zilitolewa ili zitumike kwa kilimo. Aliyepewa hakuwa na ruhusa ya kuziuza kwa hiari yake. Ilikuwa haki kwa watu ambao hawakuwa na ardhi, lakini kwa benki maana yake ni kwamba eka hizo ni vigumu kuwekwa rahani. Sheria ya ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 iliweka utaratibu wa haki ya matumizi ya ardhi inayoweza kuandikishwa. Utaratibu huo una faida kwa yule tu ambaye ardhi yake imepimwa, imetambuliwa na imeingizwa kwenye daftari. Asiye na hati hubaki na maneno ya majirani na barua ya sheha, ambayo benki huisoma kwa heshima lakini haiipokei kuwa dhamana kamili.

Ipo pia desturi ya visiwani ya kutenganisha umiliki wa ardhi na umiliki wa miti. Mtu anaweza kuwa na mikarafuu au minazi katika ardhi ambayo si yake. Ni mali ya kweli, inauzwa na kurithiwa, lakini mkopeshaji asiye mwenyeji huona ugumu wa kuielewa na kuithamini.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni mirathi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na mashamba mengi ya Unguja na Pemba yamebaki kwa majina ya wazee waliofariki zamani. Warithi ni wengi, baadhi wako Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au London. Kila mmoja ana fungu lake kisheria, na hakuna hata mmoja anayeweza kuiweka mali hiyo rahani peke yake. Kuchelewesha kugawa mirathi mara nyingi hufanywa kwa nia ya kulinda umoja wa familia; matokeo yake ni mali kubwa isiyoweza kumsaidia yeyote. Na hata pale dhamana inapokuwa safi, kesi ya kudai deni ikikaa mahakamani kwa miaka, benki huijumlisha miaka hiyo katika riba ya mkopaji anayefuata.

7. Kumjua mkopaji

Zamani mwenye duka mtaani alikopesha bila ya hati yoyote, na mara nyingi alilipwa, kwa sababu alimjua mkopaji, baba yake na tabia yake. Benki kubwa haina ujuzi huo, na mtu aliyeshindwa kulipa benki moja aliweza zamani kuvuka barabara na kukopa benki ya pili bila ya kugundulika.

Ili kuziba pengo hilo, kanuni za taasisi za taarifa za wakopaji zilitolewa mwaka 2012, na katika miaka iliyofuata taasisi hizo zikapewa leseni na kuanza kazi. Benki hupeleka taarifa za wakopaji wake, na benki nyingine huziangalia kabla ya kukopesha. Wengi huuona utaratibu huu kuwa ni daftari la adhabu. Kwa mlipaji mzuri ni cheti cha uaminifu, na mtu asiye na nyumba ya kuweka rahani anaweza, kwa kulipa mikopo midogo kwa wakati, kujijengea sifa itakayosimama mahali pa dhamana.

Huduma za fedha kwa simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, nazo zimeacha alama za miamala ya watu ambao hawakuwahi kuwa na hesabu benki. Alama hizo zimewawezesha wengi kupata mikopo midogo kwa haraka. Lakini mikopo hiyo huwa ya muda mfupi na gharama yake, ikihesabiwa kwa mwaka mzima, huwa kubwa. Anayekopa leo ili kulipa deni la jana hajasaidiwa.

8. Suala la riba na imani

Katika visiwa ambavyo wakaazi wengi ni Waislamu, wapo wanaokaa mbali na mkopo wa benki kwa sababu ya kuiepuka riba, na wapo wanaoweka amana bila ya kuchukua faida yake. Kwa muda mrefu watu hawa walihesabiwa kama wasiotaka huduma, ilhali walikosa huduma inayowafaa. Mwaka 2011 Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzisha huduma zinazofuata misingi ya Kiislamu, na mwaka huo huo Amana Bank ilifunguliwa Dar es Salaam kwa misingi hiyo. Katika murabaha benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei iliyo wazi ya kulipwa kwa awamu. Katika musharaka benki na mteja hushirikiana mtaji, faida na khasara.

Ifahamike hata hivyo kwamba mikataba hiyo nayo hutaka kumbukumbu. Mshirika katika biashara huhitaji kuona vitabu vya hesabu pengine kuliko mkopeshaji wa kawaida, kwa kuwa fungu lake la faida hutoka humo.

9. Uwezo wa Benki Kuu na mipaka yake

Benki Kuu imechukua hatua kadhaa za kurahisisha mikopo. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga hoteli na kusimamisha ndege za watalii, ilitangaza kupunguza sehemu ya amana inayowekwa kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na ikaziruhusu benki kupanga upya mikopo ya walioathirika. Mwezi wa Julai 2021 ilitangaza mkopo wa shilingi trilioni 1 kwa benki ili zikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10, pamoja na nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi kiwango hicho. Baada ya hapo baadhi ya benki zilishusha riba ya mikopo ya kilimo. Januari 2024 ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu kama chombo chake kikuu cha sera, kwa kiwango cha asilimia 5.5.

Hatua hizi hupunguza gharama ya fedha kwa benki. Haziwezi kupima kiwanja, kugawa mirathi wala kuharakisha kesi. Umbali kati ya riba ya Benki Kuu na riba anayotozwa mwananchi ni kipimo cha kazi iliyobaki, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya ofisi za kawaida.

10. Yanayopaswa kufanywa

Kwa watumishi wa Serikali, mambo manne yanahitajika. La kwanza, maombi ya hati za ardhi na ya kuandikisha rahani yashughulikiwe kwa muda unaojulikana, na mwombaji aelezwe ombi lake limefika wapi. La pili, makato ya mikopo yaliyokwisha kutolewa katika mishahara yapelekwe benki kwa wakati, kwani ucheleweshaji humwandikia mtumishi asiye na kosa jina la mdaiwa sugu. La tatu, madai ya wauzaji na makandarasi yalipwe. La nne, kumbukumbu za ununuzi wa mazao zithaminiwe. Kwa miongo mingi karafuu za Unguja na Pemba zimenunuliwa na shirika moja la Serikali. Stakabadhi za mauzo hayo, zikipangwa kwa jina la mkulima na kwa miaka, zinaweza kumfanyia mkulima kazi ile ile inayofanywa na karatasi ya mshahara kwa mtumishi. Benki ikiona mauzo ya misimu mitano, midogo na mikubwa, itajua wastani wa mapato yake, na mkopo wa miezi michache wa kuwalipa wachumaji hautakuwa tena wa kubahatisha.

Kwa wananchi, inapasa kutenganisha fedha za biashara na fedha za nyumbani, hata kwa daftari la kawaida; kukamilisha mirathi mapema wakati mashahidi wangali hai; kutokubali kumdhamini mtu kwa kuona haya, kwani mdhamini ni mdaiwa wa pili; na kukopa kwa jambo litakalozaa fedha ya kulipia. Anayeshindwa kulipa aende benki kabla ya tarehe, kwani mkopo hupangwa upya kwa urahisi zaidi kabla haujaharibika.

Kwa mabenki, uangalifu usiwe kisingizio. Benki inayopokea amana za Pemba na kukopesha penginepo tu haijamaliza wajibu wake. Inatakiwa kuwa na maofisa wanaozijua pishi, jamvi na msimu wa vuli kama wanavyozijua hati za Hazina.

Ndugu Watumishi, Ndugu Wananchi,

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ilitungwa kumwonya mkopaji, na onyo lake bado lina nguvu. Lakini yapo pia matanga ya asiyekopeshwa: mikarafuu iliyokodishwa kwa bei ya dhiki, duka lililofungwa kwa kukosa mtaji wa mwezi mmoja, kijana aliyeacha fundi wake kwa kukosa cherehani. Matanga hayo hupungua kila hati inapotolewa kwa wakati, kila shauri linapoamuliwa na kila deni linapolipwa. Hiyo ni kazi iliyo mikononi mwa wote waliohudhuria hapa.